Kwaya sikio la kushoto, mwangwi sikio la kulia: maswali yenu kuhusu maiki ya M/S

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni katibu wa kwaya huku Morogoro, nimepewa jukumu la kurekodi nyimbo za albamu yetu maana hela ya studio haikutosha. Tuliazima rekoda ya Zoom H6 ikiwa na kile kichwa cha MSH-6, tukarekodi kanisani jioni, waimbaji wakajitahidi kwelikweli. Nimehamishia kwenye laptopu nashangaa kwaya nzima iko sikio la kushoto tu, la kulia nasikia mwangwi, viti vinasogezwa, na watu kama wako mbali hivi. Wenzangu wanasema faili limeharibika turudie ila baadhi ya waimbaji wameshasafiri. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba ndugu katibu, na tulia kabisa, hakuna kilichoharibika hapo. Msirudie. Tena mlichopata ndo kitu ambacho mimi huwa nawaomba watu wapate wakiwa na rekoda ya aina hiyo, sema hakijamaliziwa tu.

Kile kichwa cha MSH-6 ndani kina maiki mbili, ila sio moja ya kushoto na moja ya kulia kama wengi wanavyodhani. Moja inatazama mbele kwenye kwaya, hiyo ndo M (Mid), ya kati. Nyingine ni ya pembeni, S (Side), na ndo maana mfumo unaitwa M/S. Hii ya pembeni mafundi wanaiita ya umbo la 8, yaani inasikia kushoto na inasikia kulia halafu mbele na nyuma ni kiziwi. Kwenye rekoda kuna sehemu ya kupanga S iingie kiasi gani, na mojawapo ya chaguo pale ni RAW. Ikiwa kwenye RAW rekoda haichanganyi chochote, inaweka M peke yake chaneli ya kushoto na S peke yake chaneli ya kulia, basi. Kwa hiyo sikio lako la kushoto lilikuwa linasikia maiki iliyotazama kwaya, na la kulia linasikia maiki iliyoipa kwaya ubavu ikatazama kuta. Ndo maana viti na mwangwi.

Sasa kushoto na kulia vinatoka wapi? Hapa naomba tuelewane vizuri maana ukielewa hapa mengine yote yanakuja yenyewe. Ile maiki ya pembeni ina kiwambo kinachopokea hewa pande zote mbili. Sauti ikitoka kushoto inakisukuma kwenda upande mmoja, ikitoka kulia inakisukuma kwenda upande wa pili, kwa hiyo sauti za kulia zinarekodiwa zikiwa zimepinduliwa, chanya inakuwa hasi. Ukichukua M ukajumlisha S, sauti za kushoto zinapatana na zinaongezeka, za kulia zinapingana na zinapungua, hapo umepata chaneli ya kushoto. Ukichukua M ukatoa S inakuwa kinyume chake, umepata ya kulia. Kushoto ni M + S, kulia ni M − S. Hesabu ya darasa la pili hiyo na ndo siri yote ya huu mfumo.

Kwenye laptopu unafanya hivi. Fungua programu ya Audacity, ingiza faili, gawa traki ya stirio iwe traki mbili za mono. Ya juu ni M, iache katikati. Ya chini ni S, inakili upate mbili zinazofanana kabisa. S ya kwanza ipeleke kushoto mpaka mwisho, ile nakala ipeleke kulia mpaka mwisho, halafu ichague hiyo nakala peke yake uipitishe kwenye efekti inaitwa Invert, ambayo kazi yake ni kupindua wimbi juu chini. Ukishafanya hivyo punguza traki zote kidogo kabla hujatoa faili la mwisho maana ukijumlisha sauti inapanda na inaweza kupasuka. Wanaotumia programu ya Reaper wana plagini ndogo ya kudikodi M/S, yaani kugeuza M na S ziwe kushoto na kulia, imo humohumo ndani, na kuna nyingine ya bure inaitwa MSED ya Voxengo inafanya kazi hiyohiyo, ila mimi napenda mtu aanze kwa mkono angalau mara moja ili aone kinachotokea.

Kuna jaribio la kuhakikisha umepatia. Zima M, acha zile S mbili tu zicheze, halafu geuza miksi yote iwe mono, yaani kushoto na kulia zichanganywe ziwe sauti moja. Inatakiwa uje ukimya. Ukimya kabisa, S ya kushoto na ya kulia zimefutana. Kama bado unasikia kitu basi mojawapo iko juu kuliko nyingine, au hujapindua. Na ukisahau kupindua dalili yake ni rahisi kuitambua, upande mmoja wa kwaya unasikika vizuri na upande wa pili kama umemezwa, masikio yote mawili. Kama wimbo uko sawa ila sauti ya kwanza iliyokuwa imesimama kushoto unaisikia kulia, basi zile S mbili zibadilishane nafasi, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto.

Halafu sasa ndugu katibu, na hapa ndo nataka nikae kidogo, hizo nyimbo zenu watu watazisikilizia wapi? Najua wewe utasikiliza kwa hedfoni nzuri ila wengi watasikiliza kwenye spika moja ya simu, spika za honi za kanisani, spika ya bluetooth ya mezani, redio ya jikoni, na wengine watarekodiana voisi nouti ya WhatsApp. Karibu zote hizo ni mono, au stirio ambayo spika zake zimekaribiana hadi haina maana. Sasa rekodi nyingi za maiki mbili zilizoachanishwa ukizifanya mono zinaharibika, sauti zinafika kwenye maiki hizo kwa kupishana muda kidogo, ukizijumlisha baadhi ya sauti zinakatana na kwaya inakuwa kama imeingia kwenye bomba. M/S haina tatizo hilo kabisa. Jumlisha kushoto na kulia, M + S na M − S, S inakatika yote na unabaki na M mara mbili. Yaani msikilizaji wa simu anasikia ile maiki moja iliyotazama kwaya, safi, kama ilivyorekodiwa. Kwangu mimi hii ndo sababu kubwa ya kutumia M/S huku kwetu, kuliko hata huo upana wa stirio wanaousifia.

Kwa hiyo anza na M peke yake. Zima S zote, sikiliza, rekebisha mpaka hiyo M ikuridhishe kama wimbo kamili, besi wasikike, maneno yaeleweke. Ukishamaliza ndo unaingiza S polepole. S kidogo kwaya inakuwa nyembamba katikati, S ikiongezeka inapanuka, ikizidi M unaanza kuhisi kwaya imepasuka katikati na kichwa kinauma kwenye hedfoni. Kwa maiki ya mbele ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, S ukiiweka chini ya M kwa desibeli 6 ni sawasawa na kuwa na maiki mbili zinazotazama nyuzi 45 kushoto na nyuzi 45 kulia, na ukiziweka sawa kwa sawa ni kama zimefunguka hadi nyuzi 63 hivi kila upande. Mi kwa kwaya naanzia kwenye hizo desibeli 6 na kwa kanisa la bati na sakafu ya sementi mara nyingi nashuka zaidi, kwa sababu mwangwi wa kuta umejaa kwenye S, ukiipunguza unapunguza na kelele. Uzuri mmefanya RAW, kwa hiyo huo uamuzi mnaufanya leo mmekaa, hata mwezi ujao mkibadili mawazo.

Ila faili la RAW msilifute na msilirushe hivyohivyo kwa mtu bila maelezo. Andikeni kwenye jina la faili kwamba ni M/S haijadikodiwa.

Kingine cha safari ijayo. Maiki ya kadioidi sauti inayotoka ubavuni, nyuzi 90, inaipokea ikiwa chini kwa desibeli 6. Mkiweka rekoda karibu sana na kwaya imesambaa, wale wa mwisho kushoto na kulia wanaangukia huko pembeni, kwenye stirio S inawaokoa lakini kwenye mono wanafifia. Rudisheni rekoda nyuma, kama kwaya ina upana wa mita 6 basi msimamishe mita 3 au zaidi kidogo, au mpange waimbaji kwa kupinda kama nusu duara ili wote wawe karibu sawa na maiki. Na inueni standi juu ya vichwa vya mstari wa mbele halafu muiinamishe, la sivyo mstari wa mbele watawameza wa nyuma.

SWALI: Mambo kaka fundi, naandika kutoka Mombasa. Tuna kikundi cha taarab cha mtaani, udi, fidla mbili, akodiani, ngoma na bi mwimbaji. Nina maiki ya kondensa yenye swichi ya patani tatu, yaani ya kuchagua isikie pande zipi, umbo la 8 likiwemo, na nyingine ndogo ya kadioidi ya kampuni tofauti. Jamaa mmoja ameniambia stirio haiwezekani mpaka maiki zifanane kabisa. Ni kweli?

JIBU: Poa sana kaka. Kwa XY, yaani maiki mbili zilizokutanisha vichwa moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, na kwa ORTF ambapo maiki mbili zinaachana sentimita 17 na kufunguka nyuzi 110, jamaa yuko sahihi, zikitofautiana upande mmoja unakuwa na rangi yake na mwingine yake. Kwa M/S hapana, maiki hizi kazi zake ni tofauti tangu mwanzo. Hata mafundi wanaorekodi mazingira kwa pesa ndefu wanafunga Sennheiser MKH 30 ya umbo la 8 pamoja na MKH 40 ya kadioidi, maiki mbili tofauti kabisa. Kinachotakiwa ni kwamba ile ya umbo la 8 pande zake mbili zisikie sawa, na wewe hiyo unayo kwenye swichi.

Kondensa kubwa iweke kwenye 8, ubavu wake uangalie bendi, yaani uso mmoja utazame kushoto na wa pili kulia. Kadioidi igeuze kichwa chini miguu juu uining'inize juu yake, vichwa vikaribiane hadi karibu vigusane ila visigusane, na itazame mbele. Maiki za kondensa zinataka fantomu ya voti 48, yaani umeme unaopita kwenye waya wa maiki, basi hakikisha saundi kadi yako inatoa kwenye chaneli zote mbili.

Sasa kuna kitu kimoja cha kukaa nacho kabla hamjaanza kupiga. Mwambie bi mwimbaji asimame mahali pake, katikati kabisa, aongee au aimbe beti moja. Wewe vaa hedfoni usikilize S peke yake, M izime. Zungusha ile kondensa taratibu kwenye standi, kidogo kushoto, kidogo kulia. Utasikia sauti yake inapungua, inapungua, halafu inakuwa nyembamba kama anaimbia chumba cha pili, ukipita hapo inaanza kurudi. Rudi pale ilipokuwa ndogo kuliko kote ufunge standi. Hapo maiki ya pembeni imempa ule ubavu wake wa kiziwi na yeye atakaa katikati barabara, hatavutwa upande wowote. Usitegemee macho, patani za maiki nyingine haziko sawa na nembo iliyochorwa mbele.

Ukimaliza hapo nenda mwenyewe ukasimame upande wa kushoto wa bendi kwa jinsi maiki inavyowaona, piga makofi useme "kushoto" ikiwa inarekodi. Sekunde chache tu. Wiki mbili mbele wakati umesahau uso gani wa maiki ulikuwa kushoto utashukuru.

Na usiogope S ikionekana ndogo kwenye mita, inatakiwa iwe ndogo, haitazami chombo chochote moja kwa moja. Geini za chaneli ukiweza ziache kwenye namba moja, na zikitofautiana andika ni kiasi gani.

Kuhusu mpangilio wenu, mwimbaji katikati, fidla upande mmoja, udi na akodiani upande wa pili, ngoma nyuma kidogo. Udi ni chombo cha sauti ndogo, msogezeni mbele kimwili kabisa, maana maiki ya M/S inawasikia wote mahali pamoja na hamtaweza kupandisha udi peke yake baadaye. Taarab ya zamani ilirekodiwa hivyo, watu wanasogea na kurudi nyuma mpaka usawa unapatikana, na mi naona ina uzuri wake ambao maiki kumi za karibukaribu hazikupi.

SWALI: Habari kaka, mimi niko Tanga, narekodi ndege na mawimbi kwa ajili ya vipindi vya watoto. Nimenunua rekoda ndogo ya Zoom H2n, nikiiweka XY upepo unavumilika ila nikiweka M/S unakuwa mvumo mtupu. Ni mbovu?

JIBU: Nzuri dada, na sio mbovu. Maiki ya umbo la 8 inafanya kazi kwa kusikia tofauti ya hewa kati ya mbele na nyuma ya kiwambo, na upepo ndo hasa unaleta tofauti hiyo, kwa hiyo yenyewe inateseka kuliko maiki nyingine zote. Sponji peke yake haitoshi ufukweni. Tafuta kava la manyoya marefu linalofunika rekoda nzima, na kama unaweza liwe na nafasi ya hewa kati ya manyoya na maiki. Usiishike mkononi, weka kwenye standi ndogo, kaa mbali nayo, mtetemo wa mkono unaingia uleule njia ya upepo. Halafu kwenye S kata sauti za chini, anzia Hz 100 hivi, mvumo mwingi uko huko na huhitaji stirio kwenye besi ya bahari. M iache na uzito wake. Nayo H2n ina M/S RAW kwa hiyo unaweza kufanya hayo yote baadaye nyumbani bila haraka, na alfajiri kabla upepo haujaanza ndege wenyewe ndo wanaimba vizuri.

SWALI: Fundi salama? Ninafanya kazi redio ya jamii. Bosi anasema tusihangaike na stirio kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wako mbali na mnara. Nashindwa kumjibu.

JIBU: Salama kabisa. Bosi ana hoja ila M/S inamjibu vizuri, maana FM yenyewe inarushwa kwa hesabu hiihii. Tangu mfumo wa FM stirio uliopitishwa Marekani mwaka 1961, mtambo haurushi kushoto na kulia kama vitu viwili. Unarusha jumla ya kushoto na kulia sehemu ya chini ambayo redio yoyote ya mono inaisikia, halafu tofauti ya kushoto na kulia inapandishwa juu kwenye kHz 38, na kuna mlio wa kHz 19 wa kuiambia redio kwamba hapa kuna stirio. Yaani M na S tupu. Msikilizaji wa mbali mawimbi yakidhoofika ile tofauti ndo inachafuka kwanza kwa kelele za kuchakacha, na redio nyingi zinaiacha na kubaki na jumla. Kwa hiyo kipindi kilichorekodiwa kwa M/S mtu wa mbali anapata M yako safi, wa mjini anapata yote mawili, na hukuhitaji kumchagua mmoja.

Na haikutokea kwa bahati. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI Uingereza, aliomba hataza ya stirio Desemba 1931 na ndani yake tayari kulikuwa na hii habari ya kujumlisha na kutoa. Alikufa 1942 akiwa na miaka 38, ndege waliyokuwa wanajaribia rada ilianguka, hakuona stirio ikifika majumbani. Aliyeifanya M/S iwe njia ya kazi ya kila siku ni Holger Lauridsen, mhandisi wa redio ya taifa ya Denmaki, miaka ya 1950, na shida yake ilikuwa hiihii ya bosi wako, atengeneze stirio bila kumwonea mwenye redio ya spika moja. Hata MP3 nyingi mnazopiga studio zimehifadhiwa kwa jumla na tofauti hivyohivyo.

Jambo moja tu la kuangalia. Mwangwi na hali ya ukumbi vinakaa zaidi kwenye S, kwa hiyo kwenye mono kipindi kinakuwa kikavu kuliko ulivyokisikia stirio, na kama hadithi yenu inategemea sauti za soko pembeni, zile za ubavuni kabisa zitapungua. Bonyeza mono kwenye miksa kabla hamjakubali miksi. Sauti ambayo lazima isikike igeuzieni maiki ya mbele siku ya kurekodi.

SWALI: Bro ninunue ipi ya M/S, natumia simu ya iPhone na kamera?

JIBU: Kwa iPhone zenye tundu la Lightning kuna Shure MV88, ni M/S na upana wake unaupanga kwenye programu yake. Kwa kamera yenye saundi kadi au rekoda ya pembeni kuna Shure VP88, ina upana wa aina tatu umeshadikodiwa ndani pamoja na chaguo la kutoa M na S zenyewe. Bajeti ndogo, H2n iliyotumika inatosha sana, au H6 ile ya mwanzo yenye kichwa cha MSH-6. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, inarekodi RAW au inadikodi tu ndani? Kama inadikodi tu bado ni nzuri, ila upana uuweke mdogo. Na kabla hujalipa rekodi sekunde kadhaa mlemle dukani, mtu aongee mbele, kushoto, kulia, halafu sikiliza kwa hedfoni zako ulizozizoea.